Siku Pilau Iliposhuka Mlima

Mjinga wa siku ile alikuwa Zabron. Tulimalize hilo mapema, maana kwa miaka mingi cheo hicho kilikuwa cha mdogo wake Silvano, na watu wa upande ule wa Lukozi walishazoea kukiona kichwani pake. Zabron mwenyewe siku hizi anakubali. Ukimkuta ametulia anakwambia, "Siku ile, ndugu yangu, mjinga nilikuwa mimi," halafu anageuza uso, anatazama upande ambao mlima haupo.

Lakini naye ana cha kujitetea. Ukiwa na ndugu kama Silvano unasahau kujichunga mwenyewe, kwa sababu macho yote mawili yako kwake.

Silvano alikuwa mtu mwema mpaka wema wenyewe ukawa maradhi. Aliwahi kupata kazi ya ulinzi Tanga mjini. Mvua ikanyesha, akaona watu wamejikunyata nje ya geti, akawafungulia waingie wajikinge. Waliondoka na televisheni ya tajiri wake, na mmoja wao akamshukuru kwa mikono miwili. Aliporudi nyumbani, mnunuzi wa kabichi akasimamisha lori shambani kwa Zabron na kuuliza, kwa mazoea tu, kama mboga ni salama. "Salama kabisa," akajibu Silvano, "ila msizile wiki hii, dawa tumepiga jana." Lori likageuzia pale pale. Shemeji yake, Evelina, alimtuma apeleke pole kwa jirani aliyefiwa na ng'ombe. Akapeleka pole, na juu ya pole akaongeza ndama wa Evelina.

Hakuwa na ubaya hata wa kufukuza nzi. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumpiga.

Sasa, ile nyumba. Kule mlimani kila mtu anajenga kwenye mteremko, kwa kuwa pengine pa kujenga hapapo. Wazee walikuwa wakichimba kidogo tu, wanaacha matuta, wanapanda mabingobingo yashike udongo, na nyumba inakaa pale imejibana kama kuku anayelalia mayai. Zabron hakutaka kujibana. Alitaka uwanja wa kugeuzia gari, na nyumba ya bati la kijani inayoonekana tangu barabarani. Akaweka vijana wenye majembe, wakaukata mlima wima kama mkate. Nyuma ya nyumba ukabaki ukingo wa udongo mwekundu, mrefu kuliko paa, na kati ya ukingo na ukuta akabanisha jiko la nje.

Mama yao, Mama Eliza, alifika siku ya kwanza, akauangalia ule ukingo tangu chini mpaka juu. Baadaye akasema, "Umemvua nguo mtu mzima, mwanangu."

Zabron akacheka. "Mama, siku hizi ndivyo wanavyojenga."

"Na siku hizi mlima nao umeambiwa?"

Sherehe ya kwanza ndani ya nyumba hiyo ilikuwa iwe kipaimara cha Glory, binti yake mkubwa. Zabron alikuwa ameitangaza mwaka mzima. Alitaka usharika wote ukae sebuleni kwake, ule, unywe, uangalie dari. Hicho ndicho alichokuwa akikitaka duniani, na mtu anayetaka kitu kimoja sana huwa haoni vingine vinavyosogea pembeni yake.

Vilianza kusogea juu, kwenye shamba la karoti lililokuwa mgongoni mwa ukingo. Fuko walikuwa wameingia. Unaiona karoti imesimama, majani mabichi, mara inazama chini mbele ya macho yako kama inavutwa na mtu mguu. Zabron akamkabidhi Silvano kazi ya kuwatega: fito inapindwa, kamba inaingizwa kwenye njia ya fuko, akisukuma udongo tu, fito inanyanyuka naye. Kila mtu mlimani anaujua mtego huo.

Silvano naye aliujua. Akamnasa wa kwanza akiwa mzima, akaja naye nyumbani ndani ya kofia.

"Kaka, hebu mtazame. Ana mikono kama ya mtu."

"Muue."

"Na anapumua kwa haraka kama amekimbia deni."

"Silvano, muue huyo mdudu!"

Akaenda naye. Akamwachia juu ya kilima, na mitego yote akaitegua. Kisha akakaa akafikiri, na Silvano akikaa kufikiri, waliomjua walikuwa wanaingiza mifugo ndani. Ilipofika zamu yao ya maji ya mfereji, badala ya kuyaelekeza kwenye matuta, akayaelekeza kwenye mashimo ya fuko. Aliona ni ustaarabu. Mtu ukitaka ahame, humnyongi, unamlowanishia kitanda.

Zabron alipita pale jioni, simu sikioni, anabishana na mwenye turubai kule Lushoto mjini. Akaona maji yote ya zamu yanaingia kwenye shimo moja, yanazunguka kidogo mdomoni, yanapotea.

"Unafanya nini hapo?"

"Nawahamisha, Kaka."

"Wanahama?"

"Bado sijawaona. Ila kuna jambo la ajabu. Maji yanaingia tangu asubuhi na hayajai."

Zabron akaziba simu kwa kiganja. Angeweza kuuliza maji hayo yanakwenda wapi. Shamba lilikuwa juu, nyumba ilikuwa chini, na hapakuwa na kitu kingine katikati. Akapunga mkono. "Endelea, endelea. Usinisumbue na fuko, nina wageni."

Basi Silvano akaendelea. Kila zamu ya maji ilipokuja, aliyamimina mle, na kila mara hayakujaa. Kisha mvua za vuli zikaanza, zikamsaidia.

Ukuta wa nyuma ndio uliotangulia kusema. Evelina aliugusa asubuhi moja akatazama kiganja chake.

"Baba Glory, ukuta unatoka jasho."

"Rangi haijakauka."

"Rangi ya kabla ya Pasaka?"

Akapaka nyingine. Jasho likarudi, safari hii na rangi yenyewe, vipande vipande. Akasogeza kabati la vyombo likaficha mahali hapo. Halafu mlango wa kutokea jikoni ukaanza kukwama. Zabron akampigia simu fundi Mansuri, aliyeutengeneza, akamtukana kwa kumuuzia mbao mbichi, kisha akauteremsha mwenyewe na kuupiga randa. Ukafunga vizuri siku mbili tatu, ukakwama tena, upande wa pili. Akaupiga randa upande wa pili. Ulizidi kupungua mpaka ukawa na upenyo wa kupitisha mkono, na bado ulikwama.

Kuku wakakataa banda la nyuma. Jua likizama walikuwa wanapanda mpeasi wa mbele, hata mvua ikinyesha, wanakaa wamelowa, wanaiangalia nyumba. Na mkaratusi uliokuwa ukingoni juu, ambao Zabron aliuacha uwe pambo, ulikuwa umeanza kuinamia bati, pole pole, kama mtu anayetegea sikio maneno ya chumbani kwa watu.

"Huo mti ulikuwa hivyo?" akauliza Evelina.

"Ni upepo."

Mama Eliza alikuwa amepewa chumba cha nyuma, kizuri, chenye kitanda kipya. Alilala humo kwa muda, kisha akachukua blanketi lake akarudi kwenye nyumba yake ya zamani, ng'ambo ya korongo.

"Mama, unaniaibisha," Zabron akamwambia. "Watu watasema nimekufukuza."

"Waambie nimefukuzwa na kelele."

"Kelele gani? Chumba kile hakina hata panya."

"Kuna mtu anaburuta gunia ndani ya ukuta," akasema mama yake. "Anaburuta, anapumzika. Anaburuta, anapumzika. Mimi siwezi kulala na mtu anayefanya kazi."

Zabron alilala chumba hicho ili kuwaonyesha. Asubuhi alitoka na macho mekundu, akasema amelala fofofo.

Ikafika Jumapili ya kipaimara. Kulikuwa na manyunyu na ukungu. Mlima ulionekana mpaka kiunoni tu. Glory alibarikiwa pamoja na wenzake, gauni jeupe, uso umekakamaa kama askari. Mipango yote ilikuwa kamili, isipokuwa mmoja aliokabidhiwa Silvano: kupanda kwenye gari la turubai Lushoto na kulileta mpaka uwanjani. Gari lilifika. Silvano alikuwamo. Turubai halikuwamo.

"Liko wapi?"

"Kaka, tumepita penye msiba pale njiani. Waliofiwa wananyeshewa, maiti ananyeshewa. Nikaona, sisi tuna nyumba."

Zabron alishika kichwa, kisha akakumbuka kwamba kweli alikuwa na nyumba, tena ndiyo hasa aliyotaka waione. Akasimama mlangoni akiwakaribisha wote ndani. Karibuni, karibuni, piteni mpaka mwisho, kuna nafasi. Wakaingia kwaya, wazee wa kanisa, wakwe, watoto. Mchungaji Kristian akakalishwa kwenye kochi kubwa lililoegemea lile kabati. Walipokuwa wamejaa, vikombe ndani ya kabati vikaanza kugongana, taratibu, bila mtu kuvigusa.

"Ni watu wengi," Zabron akaeleza, ingawa hakuna aliyeuliza.

Mtu mmoja tu alishindwa kupanda. Bibi Rahabu, shangazi yake Mama Eliza, ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale. Hata Mama Eliza alimwamkia shikamoo. Miguu yake ilikuwa imevimba, njia ya gari ilikuwa tope tupu, na ngazi za udongo zilikuwa zinateleza kama sabuni. Wakamwachia kiti chini barabarani, chini ya kibanda cha kuuzia matunda, na Mama Eliza akakaa naye. Zabron alisema sahani yake itateremshwa wageni wakishakula.

Silvano aliposikia neno hilo alisimama kama aliyepigwa kofi. Sebuleni Mchungaji Kristian alikuwa amefumba macho, anabariki chakula, na sala yake ilikuwa ndefu kama barabara ya Mombo. Silvano akapita pembeni mpaka jiko la nje, ambako wapishi walikuwa wamejibana chini ya ukingo, matone mekundu yanadondoka kwenye vifuniko.

"Hicho chakula kinakwenda wapi?" akawauliza.

"Mezani."

"Na Bibi Rahabu?"

"Ataletewa baadaye."

"Sisi tule, mkubwa asubiri mabaki?" Hakukasirika. Silvano hakuwahi kukasirika. Alionekana kuwaonea huruma tu, na aibu ikawashika wote, kwa maana hakuna mtoto wa kule aliyelelewa hivyo. Mkubwa hajatia mkono, wewe hutii wako. "Haitakiwi. Fanueli, shika huku."

Fanueli wa kinanda alikuwa amekuja kunusa, akajikuta ameshika sikio la sufuria. Wakainyanyua pilau yote, wakazunguka nyumba, wakashika ngazi.

Mpishi haachi chakula kiende peke yake. Wapishi, Evelina akiwa mmoja wao, wakawafuata na miiko, wengine na nyama, wengine na kachumbari, wakipiga kelele, "Nyie! Mtaimwaga!" Sebuleni mchungaji akasema amina, watu wakafumbua macho, wakaona meza tupu, na dirishani wakaona pilau inashuka mlima.

Hapo usiulize nani alitangulia. Wengine wanasema ni watoto, lakini waliokuwa karibu na mlango wanasema ni wazee wa kanisa. Walitoka kwa kusukumana na kucheka, viatu mkononi, wanateleza, wanashikana. Mchungaji Kristian mwenyewe alitoka akishikilia joho, anasema anakwenda kutuliza hali.

Zabron alisimama katikati ya sebule iliyobaki na viti. Nje kicheko, ndani kimya. Katika kimya hicho akalisikia gunia. Halikupumzika safari hii.

"Baba, na mimi niende?" Glory aliuliza. Alikuwa amebaki kwenye kiti cha heshima, mikono magotini.

"Wewe kaa hapo hapo. Wanarudi. Nikiwaita watarudi."

"Lakini, Baba, keki inacheza."

Kweli keki ilikuwa inatetemeka, na maua yake ya sukari yalikuwa yanageuka kidogo kidogo kuelekea mlangoni.

"Nimesema kaa! Sherehe ni hapa. Sikujenga nyumba ili watu wakale kwenye kibanda cha mapeasi."

Silvano akatokea mlangoni, anahema, tope mpaka magotini. "Glory, njoo. Bibi anataka kukuona na gauni lako kabla hajatia mkono. Amesema hatakula mpaka akuone."

"Haendi," Zabron akasema.

"Kaka, Bibi anasubiri."

"Haendi, Silvano! Umenichukulia wageni, umenichukulia chakula, na mtoto pia unamtaka?"

"Nitamrudisha," Silvano akasema, kwa upole ule ule uliofungulia wezi geti. Akanyoosha mkono. Glory akamtazama baba yake, akautazama mkono, akaushika. Walikuwa wamekwisha kuvuka uwanja Zabron alipopata sauti ya kupiga kelele, na ili kelele hiyo iwafikie vizuri ikabidi atoke nje, mpaka juu ya ngazi. Akavuta pumzi aseme neno zito.

Neno lenyewe halikusikika. Nyuma yake kitu kilishusha pumzi ndefu, kama mzee anayetua mzigo. Hapakuwa na mshindo. Bati tu lilipiga yowe moja, mkaratusi ukapita juu ya paa ukiwa bado umesimama wima, na mlima ukaingia jikoni, ukaingia chumba cha nyuma, ukasukuma lile kabati na kochi la mchungaji, ukavuka sebule. Zabron alipogeuka, udongo mwekundu ulikuwa unatoka kwa mlango wa mbele, taratibu, kama mwenye nyumba anayekuja kupokea wageni. Ukamfikia miguuni, ukasimama.

Alishuka ngazi bila kujua anashuka. Barabarani hakuna aliyekuwa akicheka tena. Evelina alikuwa amemkumbatia Glory, gauni jeupe na tope pamoja, na mkono mwingine bado umeshika mwiko. Mchungaji Kristian alikuwa akiwatazama watu mmoja mmoja, midomo inacheza, kisha akarudia tangu mwanzo, kisha akakaa chini barabarani. Wote walikuwapo. Bibi Rahabu peke yake ndiye aliyesogeza sahani.

"Sasa mtapakua," akauliza, "au mpaka uje na mlima wa pili?"

Hapo pangeishia kwa shukrani. Watu walikuwa wameanza kumtazama Silvano kwa jicho jipya, na mama mmoja wa kwaya alikuwa ameshaanza kulia na kumshika mkono. Lakini Silvano alikuwa anatazama juu, uso umejaa huzuni.

"Na wale fuko masikini," akasema. "Sijui kama walikuwa wameshahama."

"Fuko gani?" akauliza Mchungaji.

"Wa kule juu. Nilikuwa nawamwagia maji ya mfereji mashimoni. Zamu zote. Hayakujaa hata mara moja."

Zabron alihisi damu inapanda tangu kwenye tope la miguuni mpaka masikioni. "Wewe!" akasema. "Kumbe ni wewe! Jamani mmesikia? Amekiri mwenyewe! Huyu ndiye aliyeuangusha mlima!"

"Si nilikuambia, Kaka?"

"Uliniambia nini?"

"Kwamba hayajai. Ukasema nisikusumbue."

Watu wakageuza shingo kumtazama Zabron. Mama Eliza akauliza, bila kupandisha sauti, "Ulimwambia hivyo?"

"Mama, nilikuwa kwenye simu! Mtu yuko kwenye simu, anaambiwa habari za fuko!"

"Na ukuta ulipotoka jasho ulikuwa kwenye simu?"

"Msimtetee!" Zabron akapiga kelele, na sauti yake ikagonga mlima na kurudi ikiwa nyembamba. "Miaka yote mnamtetea! Kawapa wezi televisheni, mnasema ana moyo. Kafukuza lori, ana moyo. Leo kaniangushia mlima, na huyo mama pale anambusu mkono! Moyo! Mimi sitaki moyo wake. Silvano, sikiliza vizuri, na wote muwe mashahidi. Kuanzia leo sikutaki. Usikanyage tena nyumbani kwangu!"

Silvano aliinamisha kichwa, akaanza kujifuta tope mikononi, tayari kuondoka. Evelina akamzuia kwa mwiko. Akautazama mlima, akamtazama mumewe.

"Nyumbani kwako wapi, Baba Glory?"